Ndege wa Majira ya Baridi Karibu na Nyumbani Entebbe

Hapa Entebbe, karibu kabisa na ikweta, hatuna majira ya baridi, lakini baridi ya Ulaya na Asia hutufikia kupitia ndege. Kuanzia Oktoba hadi Machi au Aprili, fuko za Ziwa Victoria hupokea wageni ambao kwao maji yameganda na wadudu wametoweka: vitwitwi, mbayuwayu, keremkerem wa Ulaya, na buabua wenye mabawa meupe, ambao katika Ghuba ya Lutembe, kati ya Entebbe na Kampala, hukusanyika kwa makundi makubwa mno. Kinamasi cha Mabamba kina sifa yake kwa ajili ya korongo domo-kiatu, nami nakipenda, ila siku moja ya Januari nilitaka kuwapiga picha wageni hawa mahali ninapofika kwa miguu.

Nilifika ufuko wa magharibi wa rasi yetu kabla ya jua kuchomoza, yaani kabla ya saa moja asubuhi. Kwenye ikweta jua hupanda karibu wima, hivyo mwanga laini haudumu, na ifikapo saa tatu vivuli huwa vikali, na manyoya meupe hugeuka doa lisilo na umbo pichani. Upande huo wa rasi jua hutokea mgongoni mwa anayetazama ziwa. Niliketi chini kando ya mafunjo, nikalaza lenzi ya milimita 400 juu ya mfuko mdogo wa maharage ili isitikisike.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akikung'uta nyavu mwaloni, alinitazama nikiwaangalia vitwitwi kwa darubini, kisha akasema, "Mwanangu, hao usiwafuate. Watarudi palepale kwenye mawe." Nikamjibu, "Asante, mzee," nikabaki nilipo. Ushauri huo ulinifaa kuliko kifaa chochote nilichobeba. Kitwitwi akifuatwa huruka chini chini juu ya maji, akipiga mabawa kwa mapigo mafupi, na kutua mbele zaidi, lakini asipofuatwa hurudi kuokota wadudu ukingoni huku akitikisa mkia bila kupumzika. Mmoja alisogea hadi nikaweza kuona michirizi ya kahawia mgongoni mwake. Kwa kuwa lenzi ilikuwa usawa wa jicho lake, maji ya nyuma yalififia yakawa rangi moja tu, naye akajitokeza peke yake. Nilielekeza fokasi kwenye jicho, nikangoja asimame kati ya hatua na hatua, ndipo nikabonyeza.

Buabua walidai ustadi mwingine. Ndege huweza kuruka polepole zaidi akiukabili upepo, na upepo wa alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, kwa hiyo walikuwa wakija upande wangu polepole, wakishuka kudonoa juu ya maji. Niliweka kasi ya shuta, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, kuwa 1/2000 ya sekunde. Walipopita mbele ya maji meusi nilipunguza mwangaza, kwa sababu kamera hudanganywa na weusi huo na kuunguza weupe wa ndege, na walipopanda mbele ya anga niliuongeza, la sivyo matumbo yao yangekuwa giza. Kazi hii huhitaji vidole vinavyojua vitufe bila macho kuondoka kwa ndege.

Mdiria na yangeyange walikuwapo pia, lakini hao ni wenyeji, nami huwaona mwaka mzima.

Januari buabua huwa na vazi la kijivu na nyeupe, na doa jeusi nyuma ya jicho. Kabla ya kurejea kaskazini kuzaliana, mwili wao hugeuka mweusi huku mabawa yakibaki meupe kwa mbele, na wengine huwa na mabaka ya rangi zote mbili. Mwishoni mwa Machi nitaketi tena ufuko uleule, kwa kasi ileile ya shuta, ili nipate picha za mabadiliko hayo.