Vitu vya ziada nilivyoamua kubeba katika safari ya meli ya kitalii

Nilipokuwa nikifungasha kwa ajili ya safari ya meli, nilijiuliza swali moja kwa kila kitu cha ziada: je, kitanisaidia ndani ya chumba kidogo? Kilichostahili nafasi kuliko vyote ni kulabu za sumaku, kwa sababu kuta za vyumba katika meli nyingi ni za chuma, na kulabu hizo hushika kofia, mikoba na nguo zenye unyevu ambazo vinginevyo zingejaa kitandani. Chumba changu hakikuwa na dirisha, na taa zikizimwa giza lake huwa totoro, kwa hiyo taa ndogo ya betri ilinifaa sana usiku.

Kuhusu umeme nilitafakari zaidi. Soketi huwa chache, lakini ekstensheni zenye kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla hupigwa marufuku na kampuni nyingi, kwa kuwa zinaweza kusababisha moto kutokana na jinsi nyaya za meli zilivyofungwa. Nikachagua chaja moja yenye matundu kadhaa ya USB. Pasi na mishumaa niliiacha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo ya moto.

Dawa zangu, hati za kusafiria na nguo za kuogelea niliziweka katika begi la mkononi, maana mizigo mikubwa hukabidhiwa bandarini na huweza kufika chumbani jioni, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kulikosa bwawa mchana kutwa.