Naomi Akingoja Habari za Langoni

Somo: Ruthu 3:18 hadi 4:10

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kitabu cha Ruthu tunakipenda kwa ajili ya harusi, lakini sura ya 4 inaanza na uuzaji wa shamba. Naomi, mjane aliyerudi kutoka Moabu mikono mitupu, anauza sehemu ya ardhi iliyokuwa ya mumewe Elimeleki. Boazi, jamaa wa mumewe, ameketi langoni pa mji na wazee 10, na huko ndiko jambo litakakoamuliwa. Mwenye kuuza hatajwi kuwapo. Amebaki na mkwewe Ruthu, amemwambia akae mpaka ajue mambo yataishaje.

Wiki hii nawabeba moyoni ndugu zetu hapa Kenya walio katika kungoja kwa namna hiyo: mnunuzi wa nyumba yao amepatikana, ila pesa zake ni mkopo wa benki. Ameshalipa asilimia 10, mkataba umetiwa sahihi, na siku 90 za kukamilisha zinakwisha moja moja. Mthamini amekuja, hati imethibitishwa ofisi ya ardhi, mke naye ametia sahihi kuonyesha ameridhia. Kisha kimya.

Na hata mkopo ukipita, hatua ngumu bado iko mbele. Kwa kawaida benki haitoi pesa kabla dhamana yake haijasajiliwa juu ya hati. Basi muuzaji anaachia hati na fomu za uhamisho, naye anabaki na ahadi ya maandishi tu, kwamba atalipwa usajili ukishakamilika. Kuna siku ambazo nyumba imeshahamia jina la mtu mwingine na akaunti ya muuzaji haijaingia kitu. Mzee aliyeijenga kwa mshahara wa miaka yake yote hukosa usingizi siku hizo. Tafadhali tusimwambie kwamba hana imani. Tukae naye.

Katikati ya kungoja ndipo anapotokea mwenye pesa taslimu: "Achana na huyo wa benki, mimi nalipa kesho." Hapo Zaburi 15:4 inatugusa mahali panapouma, inapomtaja mtu ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Siku ulizompa mnunuzi kwenye mkataba ni zake. Yeye naye hapati usingizi. Mshahara wake, madeni yake na kazi yake vyote vinapekuliwa na watu asiowajua. Mtaje kwa jina unapoomba.

Huenda benki ikakataa. Langoni pale, ndugu wa karibu, mwenye haki ya kwanza ya kulinunua shamba, alisema "Nitalikomboa," kisha aliposikia kwamba atapaswa kumchukua na Ruthu akajitoa, akiogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Andiko halimtukani. Nasi tusimseme vibaya mnunuzi aliyenyimwa mkopo, na kama mkataba unasema arudishiwe malipo yake, arudishiwe kwa wakati. Naomi hakujua kwamba wa kwanza amejitoa. Wala hakuona Boazi akisimama mbele ya mashahidi dakika ileile na kulinunua shamba.

Ijumaa kwenye maombi tutawaombea wauzaji, wanunuzi, mawakili na maafisa wa mikopo walioshika mafaili haya. Mwenye jambo la namna hii amjulishe mzee wa kanisa kabla ya Alhamisi jioni, tumtaje.