Ndiyo, Sijampa

Mwaka wangu wa kwanza Hamburg nusura nimdhuru mzee wa watu kwa neno moja. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye nyumba ya wazee, nakabidhi zamu ya jioni. Mwenzangu wa usiku akaniuliza kwa Kijerumani, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango: huyu wa chumba cha mwisho hajapewa kidonge chake cha presha? Nikamjibu "ja", nikavaa koti, nikakimbilia treni.

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: ndiyo, ni kama unavyosema, hajapewa. Yeye alisikia: ndiyo, amepewa. Asubuhi presha ya mzee ilikuwa juu, daktari akaitwa. Mchana alitulia, namshukuru Mungu, lakini mimi sikutulia wiki nzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba swali nililielewa, neno nililijua, na jibu langu lilikuwa la kweli.

Kwetu Tanga mtu akikuuliza "hujala?" nawe una njaa, unamjibu "eee, sijala". Unakubaliana na maneno yake. Mjerumani hayatazami maneno ya muulizaji, analitazama jambo lenyewe: halijafanyika, basi ni "nein". Na likiwa limefanyika ana neno la pekee, "doch", la kulikana lile kanusho. Muulize "hujampa?" akisema "doch", ujue ameshampa. Nililipenda sana neno hilo, nikatamani nasi tungekuwa nalo. Tangu siku ile swali la kazini silijibu kwa neno moja. Natamka sentensi nzima hata mtu awe na haraka kiasi gani, na wanafunzi wanaofika kutoka nyumbani nawaambia hivyo siku ya kwanza, kabla sijawaonyesha kabati la dawa.

Mwaka jana mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Kaka akanipigia: daktari anasema wazee wengine hawaamki kwenye ule usingizi wa dawa ya upasuaji, tusifanye. Haikupita saa, dada naye akapiga: daktari anasema wengi wanatoka salama, na akiachwa kitandani atapata vidonda na kifua kitajaa, tufanye. Daktari ni yule yule, na wote wawili walikuwa wamekaa benchi moja wakimsikiliza. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliondoka na lile lililomgusa. Kisha kaka akatuma picha kwenye grupu la familia, mama amelala chini ya taa ya wodi, uso umekuwa wa majivu. Niliiangalia nikaamini kabisa kwamba anakwisha, kumbe ni taa.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilionyesha jambo hili kwa hesabu. Waliwaambia watu: kuna ugonjwa unaotishia kuua watu 600, chagueni mpango, wa uhakika au wa kubahatisha. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kuwa utaokoa watu 200, asilimia 72 waliuchagua. Kundi jingine lilipoambiwa kwamba kwa mpango huo huo watu 400 watakufa, waliouchagua walikuwa asilimia 22 tu, waliobaki wakaona heri kubahatisha. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwauliza watu swali la namna hiyo kwa lugha ya kigeni waliyojifunza, na tofauti ile ikatoweka. Mimi nawaelewa watu hao. Lugha niliyoipata darasani sijawahi kulia nayo msibani.

Usiku ule nilifanya hivyo bila kukusudia. Nilichukua karatasi nikaandika yote kwa Kijerumani, maana ndiyo lugha ninayoandikia taarifa za wagonjwa: umri, moyo, sukari, nyonga, wiki za kulala chali. Mikono ikaacha kutetemeka. Jibu likaja wazi, afanyiwe upasuaji, na hadi leo naamini hesabu ile ilikuwa sahihi. Lakini nilipoisoma upya ili niwatafsirie kaka na dada, nikaona nimeandika "mgonjwa" kutoka juu hadi chini. Mama hakuwamo. Watoto watatu tulikuwa tumebishana siku mbili juu ya mwili wake, na hakuna aliyemuuliza. Wapo wanaosifia kufikiri bila hisia. Karatasi yangu haikuwa na hisia hata chembe, na ilimsahau mwenye nyonga.

Nikampigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote mawili, kuamka na kutoamka, kwa Kiswahili, machozi yananitoka. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi sijachoka."

Kwa Kijerumani ningeiandika kama habari ya mtu aliyelala vizuri. Lakini ile "ja" yetu ndogo iliyokaa katikati ya neno imebeba mengi. Inasema kuchoka kupo, kutakuja, ila bado. Ndiyo maana mtu asiye na mtoto ukimuuliza anakujibu "bado" wala hasemi "hapana". Mwenzangu mmoja kazini nilimjibu hivyo kwa lugha yake, akaniuliza nimepanga lini. Na ndiyo maana "hajapona" ni habari ya mtu anayengojewa, ilhali "hakupona" ni habari ya msiba.

Alifanyiwa upasuaji Alhamisi. Sasa anatembea na mkongojo hadi barazani, mvua ikinyesha nyonga inamuuma. Hajapona. Jana nilipotoka zamu ilikuwa saa tano ya usiku kule Tanga, nikapiga nikitarajia dada ndiye atakayepokea. Akapokea mwenyewe.

"Mama, hujalala?"

"Eee," akasema, "sijalala."