Kazi mpya Njombe ilivyotaka kunitoa roho (na si "jiamini tu" iliyoniokoa)

Kila niliyemlalamikia kwamba kazi inanishinda alinijibu lile lile: jiamini. Dada yangu Mbeya, jiamini. Shemeji, ambaye hajawahi kuajiriwa popote, naye jiamini. Ungedhani kujiamini kunauzwa dukani kwa robo kilo.

Nilikuwa nimeajiriwa afisa ubora kwenye kiwanda kimoja cha kufungashia parachichi Njombe, na shahada yangu ya SUA, chuo kikuu cha kilimo, ikiwa bado inanukia wino. Malori foleni mpaka barabarani, simu haikomi, na wakulima dirishani wananikodolea macho. Mimi ndiye wa kusema mzigo huu umekomaa au bado. Na Hass, aina ya parachichi tunayofungasha, ikiwa mtini haikuambii kitu: changa ni ya kijani, iliyokomaa nayo ya kijani, na haiivi mpaka ichumwe. Ukipitisha changa, huko Ulaya inanyauka na kuwa kama mpira. Usiku silali, nawaza tu siku watakapogundua kuwa walimwajiri mtu asiye sahihi.

Rafiki akanitumia video ya mhamasishaji: simama mbele ya kioo, sema kwa sauti "mimi ni mshindi" mara kumi. Chumba nilichopanga hakina kioo, basi nikawahi choo cha kiwandani kabla watu hawajafika. Sasa baridi ya Njombe mwezi wa sita unaijua. Kila nikisema "mshindi" mvuke unatoka mdomoni, kioo kinaingia ukungu, huyo mshindi hata simwoni. Nafuta, naongeza sauti. Kumbe mama wa usafi yuko nje na ndoo yake.

"Mwanangu, kuna mtu anakusumbua humo?"

"Hapana mama. Shikamoo."

Kufika chai ya saa nne, kiwanda kizima kinanisalimu kwa kilugha cha huku: "Kamwene, mshindi!"

Aliyenitoa ni mzee wa mzani. Kipimo cha ukomavu ni hivi: unachana nyama ya tunda nyembamba, unapima, unakausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, unapima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kilichobaki ndicho ukavu wake, na mnunuzi wetu alitaka asilimia 24 kwenda juu. Mimi nilikuwa natupia chochote, gramu 13 na nukta zake, kisha nakokotoa kwa simu, mikono inatetemeka, mkulima ananitazama. Mzee akavumilia, akachoka.

"Binti, weka kumi kamili. Ikibaki mbili na nusu, ni asilimia 25. Kikokotoo cha nini?"

Miaka yote ya chuo, hesabu ya darasa la tano! Nikahamishia mzani dirishani, mkulima asome mwenyewe. Ikisoma 2.1 anaguna, anapakia matunda yake, lakini haniiti mwizi. Kukawa na jambo moja nalifanya hata nikiwa na usingizi, na lile moja likanipa ujasiri wa kwenda kuuliza mengine. Akina mama wa kupanga matunda ndio walionifundisha kutazama kikonyo: tunda lililong'olewa kikonyo kikabaki mtini, uozo huanzia palepale.

Nawe ukianza kazi mpya, nunua daftari dogo la maswali, ni elfu moja na kitu. Usimsumbue mtu kila dakika. Yakusanye uyatoe kwenye chai, maana mtu mwenye kikombe mkononi anapenda kuulizwa. Wanaokwambia uvae kiofisi ili uheshimiwe wapuuze. Nunua koti zito la mtumba, elfu ishirini hivi kama unajua kubembeleza, na soksi mbili mbili.

Halafu data ya simu nazima saa mbili usiku. Bosi alikuwa akirusha ujumbe wa sauti saa tano, dakika nne nzima, na mimi nasikiliza kitandani moyo ukienda mbio. Nilipoanza kuzima, alinuna kama wiki nzima. Siku hizi ananitumia asubuhi, na mara nyingi jambo lenyewe lilishaisha jana yake.