Tulipohama mi nilikuwa nasikia kila kitu

Watu wazima wakihama wanadhani shida ya mtoto ni marafiki aliowaacha na shule mpya, basi. Kumbe sisi tulikuwa tunawasoma wao! Mi nilikuwa mdogo tulipohama lakini nilijua wamekosana kwa namna tu sahani zinavyowekwa mezani, na kwa vile mama alianza kusema "kamwambie baba yenu chakula tayari" na baba mwenyewe kakaa hapo hapo anasikia, basi mi ndo nikawa mjumbe, natembea hatua chache kupeleka habari kwa mtu ambaye keshazisikia.

Kule tulikotoka wakigombana shangazi alikuwa anakuja kusuluhisha, au mama anatoka kwenda kwa jirani, wanapiga stori wanacheka, akirudi yameisha. Huku hatujui mtu, kwa hiyo hasira zote tunabaki nazo ndani, na maboksi yamejaa koridoni hakuna anayetaka kuyafungua maana ukifungua ndo umekubali tumehamia kweli. Mdogo wangu akaanza tena kukojoa kitandani, wakampeleka hospitali kupimwa (jamani, mkojo wa nini, si ni nyinyi!). Mi nikawa mtoto mzuri kupita kiasi, naosha vyombo bila kutumwa, eti nikitulia watapatana, na wao wakawa wananisifu kwa wageni kwamba huyu kazoea haraka sana. Nilikuwa sijazoea chochote. Wangesema tu "tumekasirikiana lakini si kwa ajili yako", ningewaachia hivyo vyombo.