William Henry Lewis, nahodha aliyekuwa mwanasheria

Kila ninaposoma habari za miaka ya mwanzo ya mpira wa Kimarekani vyuoni, namrudia William Henry Lewis, aliyezaliwa Virginia mwaka 1868 na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alikuwa nahodha wa timu ya chuo cha Amherst mwaka 1891, kisha akaenda Harvard kusomea sheria, na huko akacheza katikati ya safu ya mbele, mahali ambapo mchezaji huinama, huurudisha mpira nyuma katikati ya miguu yake, na papo hapo hukabiliana kifua kwa kifua na mpinzani ambaye mara nyingi alimzidi Lewis uzito. Mwaka 1892 na 1893 aliteuliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Hata hivyo, kinyozi mmoja wa Cambridge, mji wa Marekani kilipo Chuo cha Harvard, alikataa kumnyoa, jambo ambalo hadi leo hunichoma moyo.

Baadaye aliwafundisha vijana wa Harvard mchezo huo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1911 akawa Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa Marekani, na mwaka uliofuata baadhi ya mawakili walitaka afukuzwe katika chama chao kwa sababu ya rangi yake; akakataa katakata kujiuzulu uanachama wake.