Nauli ya somo

Nimerudi Amu, yaani Lamu, tangu juzi. Nguo zimefuliwa, ngozi ya pua inabambuka kwa jua, na bado nasikia sauti ya somo yangu, rafiki wa tangu utotoni, akiniambia "twaa".

Habari ya mashua ya marehemu baba yake mnaijua, ile iliyoundwa Matondoni ikawa inaozea pwani huku warithi wakitumiana jumbe za sauti zisizokwisha. Basi imeuzwa. Mnunuzi yuko Kilifi, anaitaka ya kutembezea wageni, na sharti lake lilikuwa impate kwa tanga kabla kaskazi haijalegea. Somo akaniomba twende pamoja, sisi na kijana mmoja wa kwao. Nikaomba ruhusa kazini wiki ile ile meneja mpya anaripoti.

Bahari ilikuwa njema. Tulipotoka mlango wa Shela upepo ulitushika tezini, nyuma ya mashua, ukatusukuma kusini bila ubishi. Kazi yangu ilikuwa ngama, kule chini ya mashua maji yanakokusanyika. Mbao zilizokaa juani muda mrefu hazijavimba bado, na kalafati mpya haikuziba kila mahali, kwa hiyo maji yaliingia tu, nami nikayafua kwa upo uliokuwa dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Ukingo wake umenichana kidole hiki ninachoandikia. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi huko ngamani nilikuwako tangu tunang'oa nanga.

Kwenye Ghuba ya Ungwana maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa kwa tope la mto Tana, na jua likitua tukaiona ile minara ya Waitalia ya kurushia roketi imesimama baharini nje ya Ngomeni. Hapo ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970. Kwa mzee, baba yake somo, ilikuwa alama tu ya kupitia. Alikuwa akimwambia somo: ukishaiona mkono wa kulia, kaa nje, usiutamani ufuo.

Usiku, taa za Malindi zikiwa mbali upande wa bara, somo alinikabidhi kana, ule mti wa usukani, akajinyoosha juu ya mifuko ya mchanga tuliyotia iwe farumi, uzito wa kuituliza mashua. Akalala. Alilala kweli, nilimsikia akikoroma. Ninyi mnaomjua mnaelewa: huyu hata pikipiki yake hamwachii mtu.

Ndiyo maana yaliyofuata yalinichoma.

Tulisubiri kuche ndipo tukaingia Kilifi. Mnunuzi akaikagua mashua, akagonga mbao, akalalamika kuhusu maji kidogo, kisha akalipa. Somo akanisindikiza hadi stendi ya basi. Tulipofika akafungua mfuko wa nailoni, akalamba kidole gumba, akatoa noti mbili za elfu, akazikunja.

"Twaa."

"Za nini?"

"Nauli."

"Somo, nauli ninayo."

"Najua unayo. Twaa."

"Ningekuwa ndugu yako ungenipa nauli?"

Akatazama upande wa maji, ingawa kutoka pale huyaoni.

"Ndugu yangu hangekuja."

Basi likapiga honi, na utingo akanivuta mkono. Nikajikuta dirishani, noti zimo kiganjani.

Hangekuja. Kuanzia Kilifi hadi Gongoni niliisema kwa kila lahani. Mara naisikia kama sifa: wewe umezidi ndugu. Mara naisikia kama mlango: ndugu ni ndugu hata asipokuja, wewe ni mtu wa kulipwa. Na kaka yake, ambaye ndiye aliyeshinikiza kutoka Doha mashua iuzwe, ni kweli hakuja. Aliomba apelekewe picha ya risiti. Utingo alipopita nikamlipa kwa pesa yangu, makusudi, kana kwamba somo ananiona. Za somo nikazitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Pale Gamba tukateremshwa sote na vitambulisho mkononi. Niko kwenye foleni, jua la saa sita, mbele yangu mama mmoja anamwambia askari kwamba picha ya kitambulisho ni yake, ila alikuwa mnene, na ndipo nikakumbuka ule mfuko wa nailoni. Kibindo cha somo kilikuwa kiunoni, hakukigusa. Noti zilitoka kwenye malipo ya mnunuzi.

Na somo namjua kwa mambo ya mirathi. Hachukui hata ya soda kabla haijagawanywa, kila mtu na fungu lake, dada yao naye asidhulumiwe. Lakini kinachotoka kabla ya mgawo ni madeni na gharama za marehemu. Kumbe nilihesabiwa huko! Kaka wa Doha atasubiri, dada atasubiri, hata somo mwenyewe atasubiri, mimi nimetangulizwa. Aliyenipa nauli ni mzee, yule yule aliyetutupa majini kwenye gati tukiwa wadogo ili tujue kuogelea.

Nikacheka peke yangu. Askari akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimelipwa. Akanitazama, akanirudishia kitambulisho.

Noti sijazitumia. Mama watoto anasema nizipeleke benki niache upuuzi.

Kingine. Maji ya mfereji hapa nyumbani yameanza kuwa na chumvi, chai ya jana hainyweki. Kama ni visima vya Shela vimeingiliwa na bahari au ni bomba letu tu, fundi bado hajaja kutazama. Bi Mkubwa daktari kamkataza chumvi kwa ajili ya presha, na hataki kunywa maji ya kununua, anasema ni ufahari. Mwenye jabia ya maji ya mvua yaliyobaki mtaa wetu aniambie, nije na madumu leo jioni.